Aliyempeleka Hospitali

Mama Bosi alishuka kwenye basi mgongo ukimuuma kama wa ajuza. Alikuwa ametoka mji wa mbali kumuuguza dada yake aliyepasuliwa tumbo, na muda wote aliokuwa huko kitanda chake kilikuwa kiti cha plastiki kando ya mgonjwa. Alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji kijiko kwa kijiko, mpaka asubuhi moja dada akasukuma bakuli na kusema uji hauna sukari. Mgonjwa akianza kulalamikia sukari, ujue roho imerudi. Mama Bosi alifunga mkoba wake, akaaga.

Jina hilo lisikudanganye. Hakuwa na ukubwa wowote. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja, akinyoosha mashuka ya nyumba za wageni kutwa nzima amesimama. Jina lilitoka kwa binti yake wa kwanza, mtoto wa darasa la tatu, ambaye tangu ajue kusimama alikuwa na tabia ya kuamrisha watu. Aliwapanga mstari watoto wa jirani. Alimzuia baba yake mlangoni: "Vua viatu, baba, nimeshafagia." Mtu akamwita Bosi, jina likamganda, na mama yake akawa Mama Bosi. Wenzake kazini hawakuisha kumtania. "Mama mzima wa bosi, mbona unanyoosha mashuka ya watu?" Naye huwajibu, "Bosi mwenyewe hajaanza kulipa mshahara."

Alipofika nyumbani, aliyemkimbilia alikuwa Kadogo, binti yake wa pili, ambaye alikuwa hajaanza hata shule. Alimdaka, akambeba, akatazama nyuma ya Kadogo akisubiri yule mwingine atokee na maswali yake.

"Dada yako yuko wapi?"

"Amelala kwa bibi."

Mama mkwe wake alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. "Karibu, mwanangu. Pole na safari. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo, mama. Shikamoo. Bosi anaumwa?"

"Marahaba. Homa kidogo tu. Kaa kwanza unywe maji."

Hakukaa. Aliingia chumbani kwa bibi, Kadogo bado yuko kiunoni mwake. Bosi alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani, miguu ameibana, shuka limemfunika hadi shingoni ingawa chumba kilikuwa na joto.

"Bosi."

"Shikamoo, mama," mtoto akasema bila kugeuka.

"Geuka nikuone."

"Bibi amesema nisigeuke-geuke."

Mama Bosi alimwekea kiganja shingoni, akakiondoa upesi. Mtoto alikuwa anawaka. Kadogo, aliyekuwa anachezea hereni ya mama yake, akasema kwa furaha ya mwenye habari: "Nesi alimkata kucha. Dada akapiga kelele sana! Mimi nikapelekwa dukani, nikanunuliwa pipi."

"Alimkata nini?"

"Kucha."

Mama Bosi akautazama mkono wa binti yake uliolala juu ya shuka. Kucha zilikuwa ndefu, zina uchafu mweusi kwa chini, vilevile alivyoziacha siku aliyosafiri na kumwambia azikate.

Hakuhitaji kufunua shuka. Mwili wake mwenyewe ulishaelewa kabla ya kichwa. Akamshusha Kadogo polepole.

*

"Mmemfanya nini mtoto wangu?"

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuacha. "Mtoto wetu," alisema. "Mwanangu, usipandishe sauti, majirani wana masikio."

"Mama, nakuuliza."

"Unaniuliza unachokijua." Aliweka ungo chini, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole uleule aliotumia kuwabembeleza watoto walipokataa dawa. "Nilikungoja wewe. Mwaka jana nilikungoja, mwaka huu nikakungoja. Nikaona huna moyo huo. Basi nimekubebea mzigo. Na usifikiri nimempeleka kwa kizee na wembe wake, kama tulivyopelekwa sisi. Nimemletea Mama Sindano hapa hapa nyumbani. Amevaa glavu mpya, amemchoma ganzi. Mimi na wewe tuliyapata hayo? Nimempunguzia, mwanangu. Nilimshika mkono mwenyewe mpaka mwisho."

Mama Sindano alikuwa nesi mstaafu wa mtaa wa pili. Alichoma watu sindano za malaria nyumbani kwake, akafunga vidonda, na watu walimheshimu.

Ungeweza kumchukia bibi huyu kirahisi kama ungekuwa humjui. Mama Bosi alimjua. Ni yeye aliyewalea watoto wote wawili ili mama yao apate kwenda kazini. Bosi alipougua surua, bibi ndiye aliyekesha naye, akimpepea na kumwimbia mpaka sauti ikamkauka. Mikono iliyochambua mchele ndiyo iliyomwogesha Bosi tangu ana siku chache. Mama Bosi aliitazama, akakosa pa kuiweka hasira yake.

"Tulikubaliana na mwanao," alisema. "Bosi alipozaliwa nusura nife. Daktari alimwita, akamweleza ni kwa sababu ya kovu langu. Alilia, mama. Alilia mbele yako. Akasema kwetu jambo hili limeishia hapa."

"Basi muulize yeye," bibi akasema, akauchukua ungo wake.

Mume alirudi akiwa na begi la spana begani, suruali imelowa magotini. Alikuwa fundi bomba. Alimwona mkewe amesimama mlango wa jikoni, akamwona mama yake ameinama, akajua. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa bila hata kusalimia.

"Ulijua?"

"Mama alinipigia simu nikiwa kazini."

"Ukamwambiaje?"

Alijipangusa uso. "Nilikuwa chini ya sinki la watu, mke wangu. Maji yanamwagika, mwenye nyumba amenisimamia kichwani. Nikamwambia mtajua wenyewe."

"Mtajua wenyewe."

"Sikusema ndiyo."

"Ulisema hapana?"

Kutoka chumbani mtoto alianza kuguna, sauti ndogo ya mtu anayejizuia. Mama Bosi alikimbilia huko. Bosi alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Alipomuuliza kama amekwenda haja ndogo, alitikisa kichwa. Jana? Alitikisa tena. "Ikitaka kutoka inauma, mama. Nikaizuia. Sasa nataka itoke, haitoki."

"Tunakwenda hospitali," Mama Bosi akasema.

Bibi alisimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na hofu. "Nimemkanda kwa maji ya moto. Ngojeni, itafunguka. Mkimpeleka huko wataita polisi. Siku hizi wanafunga watu."

"Tungoje asubuhi," mume alisema.

"Ngojeni nyinyi."

Alimvisha mtoto gauni pana, akamfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, ila miguu yake mirefu ilining'inia na kila hatua ilimfanya alie. Mume alipoona hazuiliki, aliita bodaboda, akapanda nyuma yao. Njiani alimsogezea mdomo sikioni, kwa sauti ya kuzidi mngurumo wa injini: "Sema tumbo. Usiseme kingine. Wakishamtibu, tutajua la kufanya. Nakuomba."

*

Pale dirishani karani alimuuliza mtoto anaumwa nini, na Mama Bosi, ambaye njia nzima alikuwa amejiapiza kusema kweli, aliona foleni nyuma yake, akaona macho ya mumewe, akasema, "Tumbo."

Neno hilo moja lilimgharimu kuliko lolote alilowahi kusema.

Walikaa kwenye benchi la mbao lililojaa wanawake na watoto. Bosi hakuweza kukaa, akamlaza mapajani. Walipoitwa, daktari kijana aliyevaa miwani alimgusa mtoto tumbo, akavuta pazia, akamwita nesi. Mama Bosi aliambiwa angoje nje. Alimsikia mtoto wake akiita "Mama!" mara moja tu, kisha kimya.

Nesi alitoka kwanza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, na hakujua, au hakujali, kwamba sauti yake ilijaza ukumbi mzima.

"Mama wa huyu mtoto ni nani? Wewe? Eti tumbo! Hivi nyinyi wamama mkoje? Mnawakeketa watoto wenu, wakioza mnatuletea sisi, na uongo juu. Huna haya?"

Benchi zima liligeuka. Mwanamke aliyekuwa amebanana naye muda mfupi uliopita, ambaye walikuwa wakipeana pole, alimvuta binti yake karibu na magoti yake. Mama Bosi alitaka kusema si mimi. Alifungua mdomo, likatoka tu, "Anaendeleaje?"

Daktari alimwita pembeni. Hakupiga kelele, ila alisema kwa hasira ya mtu ambaye hajazoea kukasirika. Alimweleza kwamba kidonda kimeingia uchafu, kimevimba na kuziba njia ya mkojo. Mkojo umerudi nyuma, figo zimeumia, na sumu imeshaingia kwenye damu. Wameweka mpira wa kuutoa na dawa kali kwenye dripu. "Siwezi kukuahidi kitu. Mngemleta jana ningesema maneno mengine."

"Jana nilikuwa kwenye basi."

"Nani alimfanyia?"

Mama Bosi alimtazama mumewe. Mumewe alitazama sakafu.

"Mimi nilikuwa safarini," akasema.

"Dirishani ulisema tumbo. Ulijua si tumbo?"

"Nilijua."

Daktari alivua miwani, akaisugua kwa pindo la koti. "Basi, mama. Sheria inanitaka niripoti, nami nitaripoti. Hiki si kidonda cha bahati mbaya. Huyu ni mtu, ana haki na mwili wake, hata akiwa mdogo hivi."

Aliyasema kana kwamba Mama Bosi ndiye asiyeyajua. Na yeye, aliyezaa mara mbili kwa kisu, aliyekuwa akiingia chooni na kuuma kitambaa kwa maumivu tangu utoto wake, alikubali kwa kichwa kama mwanafunzi.

Askari wa kike alikuja na kijitabu kwapani, akawaketisha katika chumba cha kuhifadhia machela. Hapo Mama Bosi alisema yote. Alimtaja mama mkwe. Alimtaja Mama Sindano na mtaa wake. Alitaja mji aliotoka na wodi ya dada yake. Askari alimgeukia mume.

"Ni kweli?"

Bomba fulani lilikuwa linadondosha maji nyuma ya ukuta. Fundi bomba aliinua kichwa akalisikiliza, kama ndilo lililokuwa limeulizwa.

"Mimi sikuwepo, afande. Nilikuwa kazini."

"Mkeo alikuwepo nyumbani?"

"Mambo hayo ni ya wanawake. Mimi naingia na kutoka. Siwezi kujua."

"Sema alikuwepo au hakuwepo."

"Siwezi kujua, afande."

Mama Bosi alimgeukia. Mume akavuta begi lake la spana karibu na miguu.

Askari alifunga kijitabu. "Mama, wewe ndiye uliyemleta. Wewe ndiye uliyedanganya dirishani. Ninaye wewe tu mkononi. Tutakwenda kituoni, mengine yatajulikana huko."

"Na mtoto? Nani atakaa na mtoto?"

"Usijali," mume akasema kwa haraka, akifurahi kupata jambo la kujibu. "Mama yuko njiani anakuja. Atakaa naye."

*

Kituoni walimwambia avue viatu, kilemba na hereni. Aliingizwa chumba chenye wanawake wengine watatu na ndoo moja. Mmoja wao, muuza mboga aliyekamatwa kwa kupigana na mgambo, alimkaribisha vizuri, akamsogezea nusu ya mkeka.

"Kesi gani, mama?"

Alisita mno. Asubuhi askari wa zamu alilisoma shtaka kwa sauti, na muuza mboga akauvuta mkeka wake. "Kumbe nalala na mkata watoto," akasema, akaenda kukaa upande wa ndoo.

Askari wa kike alikuwa akimtoa na kumhoji. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa chai yake mwenyewe mara moja. Ila kila alichokwenda kukitafuta alirudi mikono mitupu, au na kitu kibaya zaidi.

"Kwa Mama Sindano kuna kufuli mlangoni. Majirani wanasema amesafiri, hawajui wapi."

"Dada yangu je?"

"Simu yake haipatikani. Ya wodini inaita, haipokelewi. Mama mkwe wako anasema ulikuwa nyumbani siku zote, na wewe ndiye uliyemwita huyo nesi. Wifi yako anasema hivyohivyo."

"Wifi yangu haishi hata pale!"

"Ameandikisha."

"Mtoto amesemaje? Muulizeni Bosi mwenyewe."

Askari alichora mstari kando ya karatasi. "Nimemuuliza. Amepata nafuu ya kuongea. Anasema alianguka."

"Alianguka?"

"Kwenye ngazi. Nikamuuliza ngazi ipi, akanyamaza. Nyumba yenu haina ngazi, nimeiona."

Mama Bosi alishika meza. "Afande, nyumbani yupo mwingine. Mdogo wake. Yuko na watu walewale."

"Una maana watamfanyia naye?"

"Nitajuaje? Hata huyu sikujua."

Askari aliweka kalamu chini. "Siwezi kumchukua mtoto ambaye hajafanyiwa kitu," akasema mwishoni. "Ningekuwa naweza, ningemchukua."

Mume alikuja kumwona siku ya ziara, na chakula ndani ya bakuli lenye mfuniko. Waliongea kupitia nondo za dirisha, askari wa zamu akiwa hatua chache kutoka pale. Alimwambia Bosi anaendelea, anakunywa uji, hataki kulishwa na mtu ila bibi. Kisha akashusha sauti.

"Nimeongea na mtu anayejua sheria. Anasema mama mzazi huwa anahurumiwa. Ukisema ulikuwepo, ukakubali, kwamba hukujua ni kosa, utapewa onyo au kifungo kidogo cha nje."

Mama Bosi alidhani hakusikia vizuri. "Nikubali mimi?"

"Mama ni mzee. Ana presha. Humu atakufa, na wewe unajua atakufa."

"Na mimi?"

"Wewe una nguvu," alisema. Na alimaanisha, macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Mke wangu, mimi nimebanwa. Nikisema kweli namfunga mama yangu. Nisiposema, nakufunga wewe. Nifanyeje?"

"Ungesema hapana kwenye simu."

Mume alisukuma bakuli kupitia nondo. Mama Bosi angependa kulirudisha, kulimwaga, kumtupia usoni. Lakini tangu jana yake hakuwa ametia kitu tumboni, na harufu ilimfikia. Alilipokea. Alikula chote amesimama, mbele yake, akilia, na mume alingoja bakuli arudi nalo.

*

Aliyemtoa alikuwa dada yake. Alipopata nafuu na kuwasha simu, alikuta askari amempigia mara chungu nzima, akapiga. Nesi mkuu wa ile wodi naye alichukua simu akasema ndiyo, huyo mama alikuwa hapa, alilala kwenye kiti, hata sisi tulimwonea huruma. Dobi alikuja kumdhamini. Alimpa mkono nje ya kituo, akatazama kando.

"Pumzika kwanza nyumbani, Mama Bosi. Pumzika vya kutosha. Wateja wamekuwa wakiuliza-uliza." Alimaanisha asirudi kazini, naye alielewa, akamshukuru.

Alikwenda hospitali moja kwa moja. Daktari kijana alimkuta mlango wa wodi, na safari hii yeye ndiye aliyekosa pa kuangalia. Alimwambia mtoto ataishi. Figo moja imeumia, hajui kama itapona. Atahitaji kliniki kwa miaka, na akikua na kutaka kuzaa, atahitaji upasuaji mwingine, na atahitaji watu wanaojua kazi yao. "Samahani kwa siku ile," akaongeza. Mama Bosi alisema asante, daktari.

Bosi alikuwa ameegemea mito, amekonda, shingo imekuwa nyembamba kama ya kifaranga. Bibi alikuwa ameketi kitandani anamsuka nywele. Mtoto alipomwona mama yake, uso ulimfunguka, akanyoosha mikono. Bibi alishuka kitandani, akasimama na kitana mkononi. Hawakusalimiana. Mama Bosi alimkumbatia mtoto, akanusa shingo yake, akamwambia bibi bila kugeuka:

"Toka."

"Usimfukuze bibi!" Bosi akadakia. "Bibi ndiye ananishika wakinichoma sindano."

Bibi alikaa kwenye kiti cha upande wa pili, mikono mapajani. Alikuwa amezeeka ghafla, nywele zimefumuka, na kwa mara nyingine Mama Bosi akakosa pa kuiweka hasira yake.

Mume alikuwa mlangoni. "Kadogo mlete hapa," Mama Bosi akamwambia. "Mlete sasa hivi nimwone."

"Watoto wadogo hawaruhusiwi wodini. Yuko salama, yuko na wifi yako."

"Sitarudi kwenye ile nyumba. Namtaka mtoto wangu."

"Utampeleka wapi?" mume akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu mkewe hakuwa na kazi, hakuwa na chumba, na mtoto mmoja alikuwa kitandani na mpira wa mkojo. Mama Bosi alitafuta jibu. Akikaa hapa, Kadogo yuko kule. Akienda kule, Bosi anabaki na bibi.

Wakiwa katika hali hiyo, askari wa kike akaingia, kofia mkononi. Alivuta kiti, akakaa chini kuliko kitanda ili mtoto asimwogope.

"Bosi, hujambo? Unamwona mama yako ametoka. Sasa nataka uniambie tena. Mama ameshasema yeye hakuwepo, na tumeamini. Yule nesi mstaafu hatujampata. Tukikosa neno lako, hatuna kitu. Nani alikuumiza?"

Mtoto aliwatazama mmoja mmoja, baba yake mlangoni, bibi kwenye kiti, kisha mama.

"Sema, mwanangu," Mama Bosi akasema. "Sema kweli yote. Hakuna atakayekufanya kitu."

Bosi alimtazama mama yake kwa makini sana, kama anavyotazama mtu anayepewa ishara ya siri. Chini ya shuka, mkono wake mdogo ulitafuta mkono wa mama, ukaukamata.

"Nilianguka," akasema.

"Ngazi gani?" askari akauliza.

"Ngazi tu. Nilianguka."

Askari alingoja. Aliuliza kwa njia nyingine, na nyingine tena, kwa upole, na kila mara mtoto alijibu neno hilohilo, kidevu kikiwa juu. Mwishoni askari alisimama. Mama Bosi alimfuata mpaka koridoni.

"Lakini wewe unajua, afande. Unajua kabisa."

"Najua, mama," askari akasema. "Ninachokijua mimi hakiandikiki. Nikimpata yule nesi, nitakuita." Alivaa kofia yake, akaenda.

Aliporudi, Bosi alimwashiria ainamishe sikio. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi ngumu vizuri, uso ambao Mama Bosi hakuwa ameuona tangu aliposafiri.

"Bibi aliniambia," akamnong'oneza. "Siku ileile. Akasema nikimwambia mtu, polisi watamfunga mama. Nikamwambia, na mama mwenyewe akisema niseme? Akasema hata mama akisema, usiseme, atakuwa amelazimishwa. Lakini walikufunga hivyohivyo, si ndiyo? Baba alisema uko kwa polisi. Nikajua kuna mtu amesema. Nikazidi kunyamaza, mama. Walikuja mara nyingi, sikuwaambia. Mpaka wakakuachia."

Mama Bosi alibaki ameinama hivyo, sikio kwenye mdomo wa mtoto, maana hakutaka auone uso wake. Upande wa pili wa kitanda bibi alikuwa amejifunika macho kwa kiganja. Mume hakuwepo tena mlangoni.

"Nimefanya vizuri?" Bosi akauliza.

Angemwambia nini? Kwamba kila alipofunga mdomo alikuwa anaufunga mlango wa seli ya mama yake? Mtoto alikuwa anangoja, anamtazama, ameushika mkono wake kwa nguvu zake zote zilizobaki.

"Umefanya vizuri, mwanangu," Mama Bosi akasema. "Umefanya vizuri sana."